Makofi ya Kilo kwa Spesioza

Juzi picha ya jenerali wa Amerika Kusini, katika kitabu cha mwanangu, ilinirudisha darasani Murusagamba, kwenye harufu ya chaki na maharage ya mchana. Mwalimu alitusimulia habari za nchi moja ya huko ambayo zamani, ndani ya mwaka mmoja, marais walipinduana ovyo. Akatuamuru tuigize. Aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu ndiye rais. Tulimvamia kwa kelele na kumburuta chini.

Ikafika zamu ya Spesioza, mgeni aliyekimbilia kwetu kutoka Burundi bila wazazi. Kabla hatujamgusa, alijitupa chini ya dawati, akafunika kichwa. Wakati ule niliamini anaigiza.

“Huyu ndiye rais!” mwalimu alicheka. “Mpigieni makofi ya kilo!”

Tukapiga kwa pamoja, pa-pa-pa, pa-pa-pa, na kadiri alivyoshtuka ndivyo tulivyozidisha.