Bakuli la Bibi

Juzi nilikuta kwenye kiti cha treni jarida la watalii lililotaja mahali pa kula Gamla Stan, mji wa kale wa Stockholm. Lilisifu mgahawa mmoja wa chini ya ardhi kwa ukarimu wake. Nikacheka peke yangu, kicheko kichungu.

Nilikuwa mdogo Bibi alipotoka Tanga kuja kututembelea huku Stockholm. Msimamizi wa baba kazini, Mswidi mpole, alitualika mgahawani humo baada ya kuzunguka kwenye baridi tangu asubuhi. Kuta zilinuka unyevu wa mawe na moshi wa mishumaa. Supu ya samaki ilinukia siagi.

Mwenyeji wetu akamsogezea Bibi bakuli.

"Ahsante mwanangu, nimeshiba," alisema Bibi, kama mgeni yeyote wa kwetu anayengoja kubembelezwa.

Baba akatafsiri. Mswidi akaitikia kwa heshima, akamwita mhudumu, bakuli likaondolewa. Nami niliamini kweli ameshiba, nikainywa yangu hadi kijiko kikakwaruza. Leo najua kwamba "Kula, mama" ya baba ingetosha.

Kwenye treni ya kurudi Vällingby, kitongoji tulichokaa, tumbo la Bibi lilinguruma.

"Bibi, si ulisema umeshiba?"

Alijifunika kanga vizuri. "Yule Mzungu simlaumu, mjukuu wangu, hajui. Lakini huyu niliyemzaa mwenyewe?"

Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele yetu. Alisikia kila neno, wala hakugeuka.