Gauni Lililosokotwa

Pale studio walimwita Fundi Madoa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kufuta madoa ya watu: chunusi za bwana harusi, jasho la kwenye paji la uso, kiwiko cha mpita njia aliyejipenyeza kwenye picha isiyomhusu. Mtu aliingia na uso wake wa kila siku, akatoka na uso wa sikukuu. Miaka kumi na moja aliifanya kazi hiyo, tena vizuri, lakini tusidanganyane, haikuwa ikimkosesha usingizi.

Kilichomkosesha usingizi ni kingine. Ili kufuta doa ilimbidi aikuze picha mpaka uso upotee na zibaki rangi tupu, na hapo ndipo udadisi ulipomshika. Hizi rangi zikiachiwa ziende zinakotaka, zitafika wapi? Siku moja alikata kona ya pazia jekundu, akaisokota, akaigeuza rangi, akaikodolea macho mpaka chai yake ikapoa. Haikuwa pazia tena. Akaiweka kwenye kioo cha simu yake, na tangu hapo kila nafasi aliyopata akawa anatengeneza nyingine. Kila hatua aliiandika kwenye daftari la shule: “Pazia. Sokota kulia 90. Rangi mbele 40. Imekuwa moshi!”

Mjomba wake, mwenye studio, alikuwa mtu wa picha zenye watu. Akipita nyuma ya kiti alisimama, akakuna kidevu.

“Hiyo ni picha ya nini?”

“Si ya kitu, mjomba.”

“Mbona umeme inaokula ni wa kitu?”

Wakacheka, kila mmoja akaendelea na lake.

Jumatatu moja akaja mama mmoja, mkunga mstaafu, ameshika simu iliyopasuka kioo. Ndani yake mlikuwa na picha moja ya dada yake mkubwa, marehemu, aliyemlea na ambaye waliishi naye nyumba moja miaka arobaini. Dada huyo alikuwa adui wa kamera. Hii moja alinaswa siku aliyoshona gauni jipya la maua akasahau kukasirika. Mkunga alitaka ikuzwe, iwekwe kwenye fremu ya ukutani. Walipomaliza kuihamishia kwenye kompyuta, ile simu ikazima na haikuwaka tena.

“Ilikuwa inangoja kukabidhi mzigo,” Mkunga akasema. “Haya mwanangu, sasa yuko mikononi mwako. Nitakuja Jumatano saa tisa.”

Jumatano asubuhi Fundi Madoa akaifungua. Sheria yake ya kwanza ni kutengeneza nakala kabla ya kugusa chochote, na hakuna aliyeijua sheria hiyo kuliko yeye. Lakini lile gauni! Machungwa, kijani, zambarau, maua yamebanana kama watu kwenye foleni. Akasema atachungulia tu, mara moja, kisha atarudisha. Akageuza rangi, akasokota picha nzima kuanzia kwenye mkanda wa gauni, na maua yakaanza kukimbizana kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Akasokota tena kidogo. Akasahau kuwa kuna mtu mle ndani.

Sasa, mtu yeyote anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila hodi ana ugonjwa mmoja: kidole chake huhifadhi kazi chenyewe, kila dakika mbili tatu, bila kumuuliza mwenyewe. Kidole cha Fundi Madoa kikahifadhi. Na umeme, kama uliokuwa ukisubiri hilo tu, ukakatika.

Uliporudi, aliifungua picha akiwa na roho mkononi. Dada wa Mkunga hakuwapo. Palikuwa na kimbunga cha rangi, na amri ya kurudi nyuma haikuwa na pa kurudi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

“Mwambie simu yake ilikuwa mbovu, picha haikufika vizuri,” mjomba akanong'ona nyuma ya kiti. “Atajuaje?”

Fundi Madoa alikuwa ameshafungua daftari. “Gauni. Rangi mbele 140. Sokota kulia,” na baada ya hapo hakuna namba, kwa maana umeme ulimkatikia kalamu ikiwa hewani. Akabaki anaukodolea macho ule mstari. Kilichosokotwa kulia, kikisokotwa kushoto je? Hakuwahi kujiuliza, maana hakuwahi kutaka kurudi.

Akatengeneza nakala. Safari hii alitengeneza tatu. Akazirudisha rangi nyuma 140, kisha akasokota kushoto 200. Kimbunga kikalegea. Kwenye 280 likatokea bega. Kwenye 310 uso ukaja, lakini shingo imepinda kama ya mtu anayechungulia dirishani. Kwenye 330 ikapinda upande wa pili. Akarudi nyuma pole pole, namba moja moja, na kwenye 322 mwanamke aliyesahau kukasirika akamtazama usoni.

Alikuwa yeye, ila si mzima. Kwenye mkanda, ambako msokoto ulikuwa mkali zaidi, maua yalikuwa yameyeyuka, na uso ulikuwa na ukungu mwepesi. Aliyajaribu yote anayoyajua na ukungu haukutoka.

Saa tisa Mkunga akaingia. Fundi Madoa akamwamkia, akajikaza kisabuni, akamweleza yote bila kupunguza: nakala ambayo hakutengeneza, gauni, kidole, umeme. Akamwonyesha kimbunga, kisha uso.

“Ya ukutani haitawezekana tena, mama. Ikikuzwa itapotea. Ndogo ya mezani, hiyo naweza. Nisamehe.”

“Nilikupa mtu mzima,” Mkunga akasema, na sauti haikuwa ya upole. Fundi Madoa akainamisha kichwa.

Kisha Mkunga akasogea karibu na kioo. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

“Kitanda chake na changu vilitazamana,” akasema. “Asubuhi, kabla sijaipapasa miwani yangu, ndivyo nilivyokuwa nikimwona. Hivi hivi.” Akaivaa miwani. “Ya mezani inatosha. Hebu nirudishie ile nyingine.”

Kimbunga kikarudi, machungwa yamegeuka samawati, yanazunguka.

“Na humu yumo?”

“Yumo mzima, mama. Kuanzia kiatu mpaka kilemba.”

“Niwekee kwenye simu yangu mpya.”

Mkunga alipokuwa akikiwasha kioo cha simu na kukizima, akikiwasha tena, mjomba akatoka chumba cha nyuma. Akachungulia juu ya bega lake, akakuna kidevu.

“Samahani mama, hiyo ni picha ya nini?”

“Dada yangu,” Mkunga akamjibu, bila kuinua macho.

Mjomba akamtazama mpwa wake, akaitazama simu. Kisha akavuta kiti, akainama kuangalia vizuri.