Paswadi ya Lemayian

Leo nimekutana na jina ambalo hakuna mtu ameniita tangu tumzike mume wangu, Lemayian, kule Bissil.

Wanjiru, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa anaficha paswadi za tovuti yetu ya kuuza mifugo, hapa Kitengela. Zote zilikuwa zimeandikwa wazi. Ya Lemayian ilikuwa Paker.

Alinipa kondoo tulipooana, na kwetu Wamaasai mkipeana kondoo mnaitana hivyo maisha yote.

“Mama Naisula, nikibonyeza hapa haitasomeka tena. Hata na mimi.”

Nikamwambia abonyeze. Jina letu likageuka herufi ovyo.

“Sasa jaribu kuingia nayo. Haisomeki, lakini ukiiandika tovuti bado itaitambua.”

Nikaandika Paker, polepole.

Tovuti ikajibu: Karibu tena, Lemayian.

Wanjiru anauliza kama afute hiyo akaunti. Nyinyi mngemjibu aje? Mimi bado sijatoka humo.