Mirija Isiyopitisha Baridi

Kwa miaka zaidi ya ishirini Verna Stuckey hakupanda gari lililofungwa madirisha. Iwe baridi au joto, kioo cha upande wake kilikuwa chini, na nywele alizotengeneza saluni Ijumaa zilikuwa zimeshavurugika kabla hajafika kanisani Jumapili. Watu wa Temple, Texas, walimwona ana wazimu kidogo. Mji mzima ulikuwa umeshanunua magari yenye viyoyozi, na yeye, mke wa fundi wa viyoyozi, alikuwa akiimwaga baridi ya mumewe barabarani. Waliomcheka hawakujua kisa. Aliyejua alinyamaza, maana naye alikuwa na lake la kunyamazia.

Mumewe, Doyle, alikuwa mtu wa mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Katika miaka ya hamsini alifanya kazi kwenye karakana moja njia ya Belton, akifunga viyoyozi chini ya dashibodi za magari ya watu. Ukimpa nafasi alikuhadithia habari za baridi toka mwanzo. Kwamba kabla ya vita kampuni ya Packard ilitia mtambo wa baridi kwenye gari, mkubwa hadi ukajaza buti, tena hauna swichi: ukitaka kuuzima unasimama, unafungua boneti, unavua mkanda kwa mikono yako. Kwamba matajiri wenyewe waliona usumbufu, vita vikaja, jambo likasahaulika. Kwamba mwaka wa hamsini na tatu mtambo ulirudi, bado ndani ya buti, lakini sasa baridi ilipanda kwa mirija miwili ya plastiki angavu iliyosimama nyuma ya kiti cha nyuma mpaka darini.

Ile mirija ndiyo iliyowaharibu watu. Ilionekana kupitia kioo cha nyuma, na kila aliyekufuata barabarani alijua anamfuata mtu wa namna gani. Wasiokuwa nayo wakabuni dawa yao. Walipandisha vioo juu kabisa, kwenye joto la kuivisha yai, wakaendesha huku wanatabasamu, ili jirani adhani kwamba ndani mna baridi. Usicheke. Mji mzima wa watu wazima, wenye akili zao na watoto wao, ulikuwa ukijioka hivyo kila Jumapili.

Doyle alikwenda mbali zaidi. Aliokota mirija miwili kwenye Cadillac iliyokuwa imeparamia mti, akaifunga kwenye Chevrolet yake kuukuu, nyuma ya kiti, akaibana chini kwa waya wa shaba aliousokota kitanzi kidogo mwishoni, kama alivyozoea kumalizia kazi zake zote. Ndani ya buti hamkuwa na kitu ila tairi la akiba. Verna alipomuuliza haya ni ya nini, alijibu kwamba fundi wa baridi anayetoka jasho ni sawa na kipara anayeuza mafuta ya nywele. Verna alicheka. Hilo la kucheka alikuja kulijutia baadaye, kwani pale ndipo jambo lilipokuwa bado dogo na la kukatazika.

Mwaka wa hamsini na sita ukame ulikuwa umeshaua mashamba ya kila upande. Mama yake Verna, Bibi Hettie Tackett, aliuza ng'ombe wake waliokuwa wamebaki mifupa, akaja kuishi kwao. Alikuwa mwanamke wa shamba, hajui kuficha neno. Mara ya kwanza kupandishwa kwenye ile Chevrolet aliuliza, "Gari hili lina nini? Ng'ombe wangu walipelekwa machinjioni wakiwa na hewa kuliko mimi."

Doyle alimwelewesha kwa upole. Ni dakika chache tu, Mama, mpaka tuvuke mjini. Bibi Hettie alimwambia kwamba kuna watu wanakufa na tai shingoni, lakini yeye hajawahi kuvaa tai. Hata hivyo alikuwa anakula kwa mkwewe na kulala kwa mkwewe, akanyamaza.

Jumapili moja ya Agosti walitoka kanisani karibu na saa saba mchana. Verna alikuwa na glavu mkononi na mkanda wa kubana tumbo chini ya gauni. Bibi Hettie alikaa nyuma, peke yake, katikati ya mirija miwili mitupu, ameshika upepeo wa karatasi aliopewa kanisani, ule wenye picha ya Yesu upande mmoja na tangazo la kampuni ya mazishi upande wa pili. Kwenye kivuko cha reli walikuta treni ya mizigo inapita polepole. Doyle akasimama. Kando yake, ubavu kwa ubavu, likasimama Oldsmobile la Wendell Pruitt, shemasi na mwenye duka la vyakula vya mifugo. Nalo lilikuwa na mirija nyuma. Vioo vyake vyote vilikuwa juu. Mkewe Wendell, Oleta, alipunga mkono wenye glavu nyeupe, na Verna akampungia.

Treni ilisimama. Kisha, kama treni za mizigo zinavyofanya pale zinapopanga mabehewa, ikaanza kurudi nyuma.

Nyuma ya kiti ukasikika upepeo ukienda. Doyle alitazama kwenye kioo cha juu.

"Mama, tafadhali, weka hicho kitu chini," alisema. "Mwenye kiyoyozi hajipepei. Watu wanatuona."

"Verna, mwanangu," Bibi Hettie alisema, "nifungulie dirisha. Kidogo tu."

Verna alishika kishikio cha dirisha. Akageuza uso, akakuta Oleta Pruitt anamtazama, macho hayabanduki, na lile tabasamu. Doyle akanong'ona kwamba wasubiri treni ipite tu. Verna akaondoa mkono kwenye kishikio, akauweka mapajani.

Mama yake hakuomba tena. Verna alidhani amekasirika. Treni ilipomalizika Doyle alimpisha Pruitt atangulie, ustaarabu mtupu, ndipo na yeye akaondoka. Walipokata kona ya kwanza upepeo ulianguka sakafuni, na Verna alipogeuka kumwokotea mama yake alimkuta kinywa wazi, ngozi kavu kama karatasi, macho yanatazama dari. Alikufa hospitalini siku ya pili yake.

Daktari alisema ni joto. Doyle aliwaambia watu ni moyo. Kwenye msiba Oleta alileta pai ya pichi, akamkumbatia Verna, akamwambia amshukuru Mungu kwamba angalau mama aliugulia kwenye baridi. Verna alisema asante. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humfichua. Temple kifo kilikuja, kikala pai, kikaondoka bila kufichua kitu.

Dunia ikaendelea. Viwanda viliutoa mtambo kwenye buti vikauhamishia mbele, chini ya boneti, mirija ikapotea, bei ikashuka, na siku hizo ukinunua gari jipya Texas unalipata na baridi yake. Karakana ya njia ya Belton ilifungwa, maana nani atafungiwa kitu alichokwisha kuuziwa? Doyle alihamia gereji nyingine, akazeeka, akanunua gari lenye kiyoyozi cha kweli. Verna akaketi ndani yake, akashusha kioo. "Unapoza barabara, mama," Doyle alikuwa akisema. Hakusema zaidi. Verna alimwacha aamini kwamba ameshasamehewa, kwa sababu naye alikuwa na mkono wake ulioondoka kwenye kishikio, na huwezi kumhukumu mtu kwa mkono kama huo. Hiyo ndiyo ndoa waliyoishi: makosa mawili yamepakatana, hakuna la kumcheka mwenziwe.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na nane Wendell Pruitt alikuwa ameshakufa, na Oleta akatandaza vitu vya nyumba uani ili aviuze ahamie kwa binti yake. Verna alikwenda kununua sufuria za chuma. Siku hizo ni yeye aliyekuwa dereva, kwa kuwa Doyle alikuwa na mtoto wa jicho. Alimwacha ndani ya gari mbele ya nyumba, kiyoyozi kinavuma.

Oldsmobile lilikuwa bado bandani. Oleta alifungua buti ampe sanduku la kubebea sufuria. Verna aliona tairi la akiba, vifaa vya kuvulia samaki, na chini ya rafu ya nyuma ncha mbili za mirija zimezibwa kwa matambara. Zilikuwa zimefungwa kwa waya wa shaba, na mwisho wa waya kuna kitanzi kidogo.

"Unashangaa nini, Dada Verna?" Oleta alisema. "Si Doyle wako aliyetufungia? Ukame ulikuwa umelimaliza duka. Wendell alimwapisha asimwambie mtu. Nilidhani wewe mkewe unajua."

Verna aliuliza ilikuwa lini. Oleta alisema ni ule mwaka mama yake Verna alipokufa, majira ya kuchipua, miezi michache kabla ya msiba.

"Nilikuwa nakuonea wivu, ninyi mlikuwa na cha kweli," Oleta alisema. "Siku ile pale kwenye reli nilikaribia kuzimia. Nilikuwa nakutazama, naomba moyoni ushushe kioo chako hata kidogo, na mimi nipate kushusha changu."

Verna aliziacha sufuria palepale uani.

Alipoingia kwenye gari hakuliondoa upesi. Alimwambia Doyle kwamba Oleta amemfungulia buti. Doyle alielekeza mbele macho yake yenye utando.

"Nilimpa mtu neno langu," alisema mwishowe.

"Ulijua," Verna alisema. "Nyuma yetu mama yangu anakufa, na wewe ulijua kwamba hata wale hawana kitu."

Akaondoa gari.

Kwenye kivuko cha reli kengele zililia, na treni ya mizigo ikaanza kupita. Verna alizima kiyoyozi. Akapandisha kioo chake, mara ya kwanza tangu mama yake afe, kisha akainama juu ya magoti ya mumewe akapandisha na chake mpaka juu kabisa. Kando yao lilisimama gari la mume na mke vijana. Yule mke aliwatazama wazee wawili waliofunga vioo vyao, akatabasamu, na Verna akampungia mkono.

Jasho lilianza kumtoka Doyle kwenye kipara chini ya kofia, likashuka shingoni. Hakugusa kishikio. Baada ya muda alivua kofia, akaanza kujipepea nayo.

"Weka chini, Doyle," Verna alisema. "Watu wanatuona."

Doyle akaiweka kofia mapajani. Treni ilikuwa ndefu, na katikati yake ikasimama, ikaanza kurudi nyuma.