Barua Niliyopeleka Munyaka

Nilitumwa Eldoret kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo iliyotangazwa kanisani. Iliyotangazwa ni kwamba ningesindikiza lori la mablanketi, mabeseni na sabuni za watu waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi, ambao mwaka mzima baadaye walikuwa bado wanajenga upya. Ya pili ilikuwa barua ndani ya Biblia yangu. Ilimhusu shemeji yangu Njoroge, mume wa dada yangu Rosa. Habari zilikuwa zimetufikia Migori kwamba siku zile za fujo Njoroge, shemasi wa kanisa, alionekana na panga.

Msomaji ataniuliza, panga ni kitu gani? Kila boma lina panga. Lakini sisi Wamennonite tunafundishwa tangu utotoni kwamba Mkristo hamwinulii mtu silaha, hata mtu huyo akija kumuua. Baba yetu, aliyekuwa mchungaji, hata mbwa alimfukuza kwa maneno. Aliyeshika silaha haikaribii Meza ya Bwana mpaka atubu. Barua ilisema hivyo kwa upole wa wazee wetu, yaani bila upole wowote. Niliipokea kwa mikono miwili, na nakiri nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi alfajiri tuliondoka Migori, mimi na dereva wetu Mzee Opiyo, ambaye haongei kabla ya chai. Mablanketi yetu yalishonwa kwa viraka na akina mama wa kanisa; mawili yalikuwa ya mkono wangu, na ningeyatambua popote kwa mishono iliyopinda. Kisii tulinyeshewa, Kisumu tukala samaki, kisha lori likaanza kupanda milima ya Nandi likilalamika.

Kabla ya Kapsabet polisi walitusimamisha. Walituonea huruma, wakataka kutupa askari mwenye bunduki atusindikize, maana walisema watu bado wana njaa na hasira. Nikawashukuru na kuwaambia kwamba kanisa letu halisafiri na bunduki. Afisa alicheka, akatutakia safari njema. Mzee Opiyo hakucheka. Tulienda mwendo mrefu ndipo akafungua mdomo.

"Mama Dorka, siku ingine uniulize na mimi."

Kweli, roho niliyoitoa pale kwa ujasiri haikuwa yangu peke yangu.

Jioni tukaingia Eldoret na baridi yake. Rosa na Njoroge walikuwa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Munyaka tangu nyumba yao ya kijijini Moiben ilipochomwa. Dada yangu alinikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka, kisha akanisema kwa kukonda, kama kawaida yake. Alikuwa amepika mboga za managu kwa maziwa jinsi mama alivyopika, na nilikula bila aibu. Lakini niliona mlango una makomeo matatu, na kila mtu alipopita nje Rosa alinyamaza kwanza, ndipo akaendelea na hadithi. Huyu ndiye aliyenifundisha kutoogopa nyoka. Iliniuma sana.

Ijumaa tulipeleka mizigo Moiben. Rosa alikataa kuja. Tangu atoroke hakuwa amekanyaga huko. Tulipokewa na Mama Jerotich, jirani yao wa zamani na mwenzetu wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Siku ile ya moto alimficha Rosa kwenye banda la ndama, akasimama mlangoni akiwaambia vijana wa kabila lake kwamba humo mna ndama mgonjwa. Aliponisimulia nilitaka kumbusu mikono, lakini alikuwa na haraka na foleni ya mablanketi.

Njoroge naye nilimkuta juu ya paa, misumari mdomoni, akimpigilia mabati mzee mmoja. Nyumba ya mzee huyo ilichomwa kwa kulipiza kisasi, maana ilisemekana wanawe walikuwa kwenye kundi lililochoma ya Njoroge. Nilimuuliza shemeji kama anajua hilo. Akatoa misumari mdomoni, akasema anajua, ila mvua haijui. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu na siku ile sikuitoa.

Jumamosi baada ya chai nikaitoa, kwa sababu nilitumwa, na kesho yake ilikuwa Meza ya Bwana, ya kwanza tangu zile fujo. Njoroge aliisoma polepole, akaikunja mara nne. Alisema wazee wana haki na kwamba kesho atakaa nje. Rosa aliweka kikombe chini.

"Hiyo panga ni yangu," akasema. "Mimi ndio nilinunua, tulipofika huku. Yeye alinipokonya mlangoni nikitaka kutoka nayo, ndio watu wakamwona. Baadaye nikaichukua tena, iko chini ya godoro yangu mpaka saa hii. Waandikie hivyo, Dorka."

Njoroge alimwomba anyamaze. Nikaelewa kwamba mwaka mzima alikuwa amebeba jina baya ili binti wa mchungaji asilibebe. Nilimuuliza dada yangu, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kama amesahau mafundisho ya baba. Akanijibu kwamba hajasahau hata moja, na ameyarudia yote katika banda la ndama, na bado akitoa panga chini ya godoro usingizi haumpati.

Jumapili kanisa la pale mjini lilijaa. Kwetu Meza ya Bwana huendana na kuoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Humchagui wa kumwosha: unajifunga taulo kiunoni, unapiga magoti mbele ya aliye karibu nawe, kisha naye anakuosha, mnakumbatiana. Njoroge alikaa kwenye benchi nje, kama barua ilivyoagiza, na Rosa akaenda kukaa naye. Mimi nilikuwa ndani, karibu na mabeseni yaliyobaki ya yale niliyoyaleta. Nilitazama mlango, nikatazama maji. Aliyeileta barua ni mimi. Nikainua beseni nikatoka nalo nje, maji yakinimwagikia sketi mbele ya kanisa zima.

Nilipiga magoti. Rosa alivuta miguu nyuma, nikaishika. Sikuwa nimeiona tangu nifike, kwa sababu ya baridi na soksi. Nyayo zilikuwa na makovu toka kisigino hadi vidole, maana alitoka Moiben hadi mjini bila viatu. Nililia kama mtoto na kumwosha hivyo hivyo.

"Sijatubu," akaniambia chinichini. "Bado naogopa."

"Najua," nikasema.

Mama Jerotich alikuja na taulo, akaketi kwenye benchi akavua viatu bila kuombwa. Rosa alimtazama muda mrefu. Kisha akajifunga taulo, akapiga magoti, akamwosha miguu mwanamke aliyemficha na ndama. Ndani, mwimbishaji alisahau ubeti, akaurudia ule ule mara tatu. Mchungaji wao mwenyewe akatoka na beseni lingine, akapiga magoti mbele ya Njoroge.

Jumatatu asubuhi, Mzee Opiyo akiwa tayari ameshawasha lori, Rosa alinipa kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia la mahindi.

"Usiwaambie nimeshinda," akasema. "Waambie leo nitajaribu kulala bila hiyo."

Kwa hiyo mimi niliyekataa bunduki ya polisi nilirudi Migori na panga miguuni. Kabla ya kuondoka nilimweleza Mzee Opiyo kila kitu, safari hii nikamuuliza kwanza kama yuko radhi tulibebe. Alikubali.

Wazee walinikalisha Jumatano. Waliuliza kama Njoroge ametubu. Nikaweka panga mezani, juu ya barua yao, nikawaambia ni la dada yangu, na kwamba ametuma kusema bado anaogopa. Mmoja akauliza mimi mwenyewe nimejifunza nini kule. Nikasema nimejifunza kwamba sijawahi kukataa panga maishani mwangu, kwa sababu hakuna aliyewahi kunikimbiza. Kisha nikawaomba, kabla hawajaandika barua nyingine, wavue viatu tutazame miguu yetu.

Walivua. Yetu yote ilikuwa laini.