Meneja Aliyependa Usingizi

Meneja wa kijiji tuliyeletewa kwanza hapa kwetu Sapiwi alikuwa mtu wa wasiwasi. Funguo zote alizifunga kiunoni, akitembea analia kama mbuzi wa kengele. Ukitaka jembe, umsubiri yeye. Ukitaka kamba, yeye. Kamati zilikuwapo, ila za kukaa tu. Simsemi vibaya, mwaminifu yule, na mkewe alitupikia michembe, vile viazi vya kukausha, sijala tena kama ile. Haya, nimepotea.

Wa pili alikuwa mvivu. Nasema ukweli, alipenda usingizi. Alipofika tu akagawa funguo. Mimi niliyeishia kisomo cha watu wazima akanipa ghala.

Sasa mchana mmoja wa mavuno likapanda wingu kutoka upande wa ziwa, mvua isiyo na majira. Pamba ya kijiji kizima iko uwanjani inangoja lori, na ghala limejaa mahindi ya shamba la ujamaa. Pamba ikilowa inakuwa fifi, daraja la chini lisilo na bei, jasho la msimu mzima limekwenda. Nikakimbia nyumbani kwa meneja, nikamkuta amelala.

“Bwana meneja, mahindi niyahamishie wapi, pamba ipate kuingia ghalani?”

Akafumbua jicho moja. “Wewe umewahi kubilisa ng'ombe?”

Kubilisa ni kumpa mwenzako ng'ombe akutunzie, naye anywe maziwa. Nani kwetu hajafanya?

“Nimewahi.”

“Uliyempa, huwa anakuja kukuuliza kama amkamue?”

“Haji. Akija nitamwona mwehu.”

“Na mimi nakuonaje?” Akageukia ukutani.

Nikarudi mbio. Chumba kikavu kilichobaki kilikuwa kimoja: ofisi yake, ambayo hakuifunga kamwe. Tukatoa meza na kiti barazani, mahindi yakaingia ofisini, pamba ikaingia ghalani. Akina mama wanabeba huku wananicheka: “Baba, leo utalala kwa polisi!” Mimi sikucheka. Mvua ikapiga, pamba iko ndani.

Asubuhi meneja akaja. Nikamwamkia. Akatazama magunia yaliyofika juu ya mlango, akatazama meza yake nje. Nikaushika ufunguo mfukoni, tayari kumrudishia.

Akavuta kiti, akakaa. “Hapa kuna upepo mzuri.”

Mpaka lori lilipokuja alifanyia kazi pale barazani, na kusinzia palepale. Ufunguo hakuuomba. Mimi namshukuru hadi leo, maana tangu siku ile sijawahi kumwamsha mtu kumuuliza kazi niliyopewa mimi.