Jina Lililo Zamu Mlangoni

Kwenye hitima hapa Vitongoji nilikaa na mama wa yule binti marehemu, jirani zangu wa ukuta kwa ukuta, na mjukuu wangu aliyesoma na binti huyo skuli. Upande wa wanaume alikuwapo yule fundi wa mjini aliyewahi kubishana na marehemu. Marehemu naye alikuwa fundi wa kompyuta. Mungu amrehemu. Mimi niliyeishia darasa la pili nitamweleza, kwani yeye ndiye aliyeniokolea majina.

Mnajua kila Ijumaa humtajia mjukuu majina ya wazee wetu wa hapa Vitongoji, nani mtoto wa nani, naye huyaandika kwenye kompyuta. Siku moja ikagoma pale inapouliza jina na neno la siri. Fundi wa mjini alihangaika siku mbili, kisha akasema, "Bibi, tufute yote tuanze upya."

"Tuanze na nani? Walionitajia mimi wamo makaburini!"

Marehemu akaingia. "Kaka, umetengeneza programu gani ya kuingilia?"

"Gdm. Ndiyo iliyo kwenye kompyuta zetu zote ofisini."

"Hapa si ofisini kwenu. Mtu akipiga hodi kwako, humuulizi ni nani?"

Akabonyeza vitufe vitatu, skrini ikawa nyeusi, maandishi matupu. Akaandika: systemctl status display-manager, yaani, nani yuko zamu mlangoni? Kompyuta ikajibu yenyewe: lightdm. Kumbe programu za kuingilia zilikuwa mbili, na fundi alikuwa akiitibu iliyolala! Akarekebisha iliyo zamu, akaiwasha upya, na mlango ukafunguka. Majina yote yamo.

"Umebahatisha wewe," fundi akamtania.

"Nimeuliza," akajibu.

Neno lile lilinichoma. Miaka hii ya vyama vingi tumenyimana salamu, tumesusiana hata misiba. Baba wa binti huyu alipofariki, niliona bendera ya chama kingine mlangoni kwao nikapita bila kuingia. Baadaye sana nikaambiwa kuwa bendera ile aliitundika shemeji yao. Sikuuliza. Na hata ingekuwa ya baba mwenyewe, maiti ni jirani yangu. Binti wa nyumba ile ndiye aliyekuja kuniokolea majina, wala hakuniuliza mimi ni wa chama gani.

Juzi, kabla ya hitima, nilimwomba mama yake radhi, akanishika mkono. Ijumaa tukaliandika jina la binti chini ya la baba yake. Ulizeni kwanza, wanangu, kisha ndipo mhukumu. Majina ya watu siyakosei. Hayo ya kompyuta nimeyaandika kama alivyonitajia mjukuu. Ikiwa nimeacha herufi, au nimemsahau aliyekuwapo, njooni mniambie.